Kuhusu Mpwa Wako Aliyeacha Kidato cha Pili

Ngamiani, Tanga

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia salama, na sisi huku hatujambo. Habari za nyumbani nitaziacha kwanza, kwa kuwa naona jambo la mpwa wako ndilo linalokunyima usingizi.

Umeniuliza kama itafaa kumpeleka bweni la mbali, ambako hatapata njia ya kutorokea soko la samaki. Mimi nakushauri usifanye hivyo. Kijana wa miaka 16 aliyeshindwa upimaji wa kidato cha pili, akakaririshwa darasa na kuketi na wadogo zake wanaomwita babu, hakuvutwa na samaki. Alikimbia aibu, na aibu hiyo ataikuta bwenini vilevile. Hapo sokoni Bagamoyo akipara samaki vizuri hulipwa siku hiyohiyo, na hakuna anayemuuliza alipata alama ngapi.

Waliokutajia MEMKWA wamekuelekeza pasipo pake, maana mpango ule ni wa watoto waliokosa elimu ya msingi, naye darasa la saba alimaliza. Kwa hali yake naona njia mbili. Ya kwanza ni masomo ya jioni ya kumwandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule tuuitao QT, ambao akifaulu atahesabiwa amefikia kiwango cha kidato cha pili, na baadaye ataweza kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Ya pili ni IPOSA, mpango unaosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa vijana walio nje ya shule, unaochanganya ufundi wa awali, ujasiriamali, stadi za maisha na kusoma, kuandika na kuhesabu.

Katika darasa letu la jioni wamo vijana wa pwani na wasichana walioachishwa shule kwa ujauzito kabla ya Serikali kuondoa katazo la wao kurudi shuleni tarehe 24 Novemba 2021. (Mmoja wao huja na mwanawe, na wala hapana anayelalamika.) Mahudhurio yetu hufuata mwezi: wakati wa giza, wavuvi wa dagaa wanapokuwa baharini, madawati hubaki matupu, na mbalamwezi ikitoka hujaa tena. Kwa sababu hiyo hisabati ngumu tunaziweka katika majuma ya mbalamwezi, na asiyeonekana bila sababu hufuatwa hadi chomboni, si kwa kumgombeza bali kumuuliza yuko wapi. Shule nyingi za mchana haziwezi kufanya hivyo, na siwalaumu walimu wa mpwa wako, kwani mwenye wanafunzi themanini mbele yake atamfuata nani?

Lakini usidhani kila kibao cha masomo ya jioni kina shule nyuma yake. Viko vituo vinavyopokea fedha na kutoa makaratasi ya kunakili tu. Elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 ni ya shule za serikali za mfumo rasmi, kwa hiyo uliza mapema gharama zote, ada ya mtihani ikiwamo. Uliza kama kituo kimesajiliwa. Kisha ukae nyuma ya darasa jioni moja umsikilize anayefundisha hisabati na Kiingereza. Ukikuta mwalimu hayupo, ondoka.

Kabla ya hayo yote, zungumza naye wewe mwenyewe, mamake asiwepo. Wewe ndiwe mjomba wake, na huenda akakueleza asiyoweza kumweleza dada yako. Muulize anataka cheti au anataka kazi ya mikono, na akisema anataka vyote, msiharakishe kumchagulia. Wala msimkataze soko. Mwombeni jioni zake tu.

Akishakujibu, niandikie. Iwapo atachagua QT, nitakutumia vitabu vya hisabati vilivyobaki hapa kwa basi la Dar es Salaam, uvipokee hapo Msata.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Tanga