Shukrani kwa aliyelisoma andiko langu

Wewe uliyelisoma andiko langu la utafiti wa uzamivu bila hata kunijua, asante sana. Pembeni mwa ukurasa uliandika kwa kalamu nyekundu kwamba Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, Ibara ya 4, unaruhusu baadhi ya haki zisitishwe wakati wa hali ya hatari, ilhali Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 hauna kifungu cha namna hiyo. Kisha: "Kwa nini?" Swali hilo ndilo tasnifu yangu sasa; msimamizi amelipitisha bila ubishi. (Mwandiko wako, kusema kweli, unasomeka kwa taabu.) Jina hukuacha, basi nakushukuru hadharani. Ubarikiwe mno.