Kwa Mliomuuliza Babu "Mimi Nani?"

Kwa wajukuu zetu wa Kibokoni, Kuze na Bondeni, hapa Mombasa, na nyinyi mliokuja kula Idi kutoka Nairobi na Arabuni,

Assalamu alaikum. Mimi ni bibi yenu wa mtaa, muuguzi mstaafu. Wengi wenu nimewafunga bendeji mlipokuwa mkianguka na baiskeli pale mbele ya Ngome. Leo nawaandikia kwa hasira, na afadhali niseme mapema.

Idi Mosi alasiri nilikwenda kwa jirani yangu kumpa mkono wa Idi. Mzee amekaa kitini, kanzu mpya, nyumba imefukizwa udi, halua iko mezani. Ni mwaka wa nne sasa ana ugonjwa wa kusahau. Mara mkaingia kundi zima, simu juu. "Babu, mimi nani?" Mzee akacheka, akasema, "Wewe si wetu huyu?" Jibu la mtu mzima mwenye adabu zake. Hamkutosheka. "Jina, Babu! Taja jina!" Akija huyu, anafuata yule, kama watu walio kwenye foleni ya feri Likoni. Mzee akavua kofia, akaigeuza, akachungulia ndani, utadhani majina yenu yameshonwa mle. Akabaki kuizungusha mikononi, midomo inamtetemeka. Nyinyi mkaangua kicheko. Haikufika Isha, video imo kwenye grupu ya mtaa.

Mkaniambia, "Bibi, tunamsaidia akumbuke." Nani kawafunza hayo? Mtu aliyevunjika mguu humsaidii kwa kumkimbiza. Dimenshia, huo ugonjwa wa kusahau, ni maradhi ya ubongo, si uzembe wa kukumbuka, na uzee peke yake hauileti. Iliyo nyingi zaidi ni ile ya Alzheimer. Nyingine hutokana na mishipa ya damu, na hapo presha na sukari, ambazo kila nyumba ya Mombasa inazijua, zina mkono wao. Mara nyingi mambo ya karibu ndiyo hutangulia kutoka. Kwa hiyo jina lako wewe uliyezaliwa juzi linamponyoka, na la mwalimu wake wa chuoni bado analo. Lakini aibu haimtoki. Saa moja baadaye mzee alikuwa amesahau mlichomuuliza, ila uso ulikuwa bado umemsawijika, na usiku alikataa chakula. Binti yake ndiye aliyekesha naye. Nyinyi mlikuwa ufukweni Mama Ngina mnakula mihogo.

Huyo Alois Alzheimer mwenyewe alikuwa daktari Ujerumani. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, alipokea mgonjwa mwanamke wa miaka 51. Akamuuliza jina lake, akajibu: Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Jina la mume? Auguste vilevile. Yote aliyaandika, na mwaka 1906, mama yule alipokwisha kufa na ubongo wake kuchunguzwa, akawaeleza madaktari wenzake alichokiona. Daktari alikuwa na sababu ya kutahini. Nyinyi mlikuwa na simu.

Nisijifanye malaika. Marehemu mume wangu alikuwa karani Kilindini, kazi yake kuhesabu magunia yanayoshushwa melini. Alipoanza kupotewa, nami na uuguzi wangu wote nilikuwa namtahini kila asubuhi: leo siku gani, tuko mwezi gani, umekula nini. Akikosea namsahihisha, akinyamaza narudia kwa sauti kubwa zaidi. Siku moja akaniambia taratibu, "Mke wangu, kwani mimi ni mtuhumiwa?" Nikaenda jikoni nikalia.

Kisha yakaja ya alfajiri. Saa kumi anaamka, anavaa, anautafuta mlango: shifti inamngoja. Mwanzo nikimwambia ulistaafu zamani, bandari ina watu wengine sasa. Tukigombana mpaka jirani akigonga ukuta. Siku moja nimechoka, nikasema tu, "Meli haijafunga gati, bado inamngoja rubani." Akasimama, akafikiri. "Basi ni maji hayajajaa," akasema, akakaa. Nikampikia chai ya tangawizi, akanisimulia meli za sukari na za ngano, na makarani waliokuwa wakiiba hesabu, hata kukapambazuka. Tangu hapo kila alfajiri ikawa ni meli na chai. Baadaye nikampa daftari na kalamu akae barazani, awe anahesabu mikokoteni inayopita. Hesabu zake zilikuwa safi kuliko za wengi wenu.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Bradford, Uingereza, Tom Kitwood, ambaye miaka ya 1990 alisema kinachommaliza mgonjwa wa namna hii si ubongo peke yake, ni sisi pia. Akayataja tunayoyafanya bila nia mbaya: kumdhihaki, kumfanya mtoto, kumharakisha, kumsema mbele yake kama kwamba hayupo. Akataka mtu atazamwe kwanza, maradhi baadaye: alikuwa nani, anapenda nini, anaogopa nini. Kumdanganya mgonjwa nako alikuhesabu katika mabaya, kwa hivyo ile meli yangu nitaijibia mwenyewe.

Mengine nawapa kwa ufupi, sina nguvu za kuhubiri kila jambo. Mkiingia, jitajeni: "Babu, ni mimi fulani, mwana wa fulani, nimekuletea kashata." Mmoja mmoja, kaeni usawa wa macho yake, televisheni izimwe. Mkimuuliza kitu, ngojeni. Nguo achague mwenyewe, hata kama ni kati ya mbili tu. Njia ya chooni iwe na taa usiku. Mlango utiwe kengele, asifungiwe kwa kufuli. Masikio yaangaliwe, huenda ni nta tu. Akibadilika ghafla kwa siku moja mbili, akaanza kuweweseka au kusinzia ovyo, msiseme maradhi yamezidi: yaweza kuwa maambukizi ya mkojo au dawa alizopewa, na hospitali ni siku ileile.

Nikitaja hospitali moyo unaniuma. Mume wangu nilipompeleka mara ya kwanza, kijana aliyevaa koti jeupe hakuinua hata macho. "Ni uzee huo, mama." Hakupima damu. Na kuna upungufu wa vitamini B12, kuna tezi ya shingoni iliyolegea, vyote vyaweza kumfanya mtu asahau na vyote vina tiba. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa milioni 57 mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Sisi bado tunasema ni uzee.

Tukiacha kusema ni uzee, twasema ni mwanga, mchawi wa usiku. Bibi kizee anapotea usiku, anasukuma mlango asioujua, amevaa kanga moja. Asubuhi mtaa mzima unanong'ona. Hapo jirani Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Ni wangapi kati yao walikuwa wanatafuta choo tu?

Na nyinyi wana wa kiume mnaotuma pesa mwisho wa mwezi na amri kila siku: dada yenu hajalala vizuri miaka minne. Pesa twashukuru. Njooni mlale na baba yenu wiki moja, mumwoshe, mmkate kucha, dada akatembee Lamu kwa shangazi yake. Mola ametukataza hata kuwagunia wazazi. Hakusema ni kazi ya binti peke yake.

Kesho baada ya Alasiri nitakuwa kwa mzee. Atakayetaka kuja aje, aombe radhi kwa mkono na kahawa, asieleze anaomba radhi ya nini, maana mzee hajui tena. Na ile video bado iko kwenye grupu. Aliyeituma anajijua. Aifute kwa wote, si kwake tu. Simu ninayo mkononi, naangalia.

Ni mimi, bibi yenu wa Kibokoni.