Ile kesi ya Mitumba, nisomee

Dada Mwanaisha,

Salaam nyingi kutoka Nairobi. Sisi wazima, Kadzo amehamia Rongai, na ya kwake nitakueleza siku nyingine maana hapa nina shida moja tu.

Mhadhiri wa sheria ya ardhi anataka bibliografia yenye maelezo kuhusu ubomoaji wa makazi. Kila chanzo aya moja: kinasema nini, kina uzito gani, kinaisaidia vipi insha. Kusema kinachosemwa ni rahisi. Uzito ndio unaoninyima usingizi, hasa wa Mitu-Bell, yaani ile kesi ya Mitumba.

Unawakumbuka wale wa kijiji cha Mitumba, pale karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, waliobomolewa 2011. Mahakama Kuu iliwapa haki 2013, Mahakama ya Rufaa ikatengua 2016, kisha Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema jaji anaweza kutoa amri na akaendelea kusimamia utekelezaji wake. Sasa ile ya 2016 niiweke wapi? Wenzangu wameitupa, eti imekufa. Mimi sikubali. Usipoisoma, hutajua Mahakama ya Juu ilikuwa inamjibu nani. Majaji wa Rufaa walishikilia kwamba jaji akishatoa hukumu, kazi yake imekwisha, na mwanafunzi wa sheria lazima aweze kuijibu hoja hiyo. Nitaiweka, ila sentensi ya kwanza kabisa itasema imetenguliwa, mtu asije akainukuu kama sheria iliyosimama.

Grootboom, ile kesi ya haki ya makazi ya Afrika Kusini, ya 2000, haijanisumbua: inashawishi, haifungi mahakama zetu. Kifungu cha 43 cha Katiba, kinachotaja haki ya makazi, nacho kiko wazi.

Lakini Mitumba, dada! Baada ya zaidi ya miaka tisa, kesi ikarudishwa Mahakama Kuu ili watu wapangiwe nafuu inayowafaa. Nyumba zilishakwenda zamani. Watoto waliokuwa darasa la kwanza siku ile... Uzito wa jambo kama hilo unauandikaje katika aya moja?

Wewe uliyeimaliza kozi hii, uliorodhesha kwa alfabeti au kwa mada? Kesi ulizitenga na vitabu? Yale maelezo yako ya OSCOLA, ule mtindo wa kunukuu vyanzo vya sheria, unayo bado? Na mguu wa Mama unaendeleaje, ameanza kutembea?

Aya ya 2016 nakutumia kwa WhatsApp leo usiku. Isome kwa ukali, tafadhali, kabla ya Ijumaa.

Nduguyo,
Nafula