Daraja la riwaya yako lihamie Mtera

Dodoma

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako sisi sote tu wazima. Mswada wako nimeusoma hadi mwisho, na kwa kuwa uliniomba nisikufiche kitu, nitazungumzia daraja peke yake.

Vita vyako vya mwaka 2190 vinapiganwa kwa vyombo virukavyo na askari wa chuma, kisha majeshi mawili yanauana kwa sura nne kugombea daraja la mto Bubu, tena mwezi wa Agosti. Msomaji wa pwani huenda akakubali, lakini mtu wa Bahi atacheka, kwani mito yetu mingi wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, na adui mwenye akili atashuka mtoni na kupanda ng'ambo ya pili bila kumsumbua mlinzi wa daraja. Kama ni lazima uubakize mto huo, pigana kati ya Desemba na Aprili. Unakumbuka mafuriko yaliyoikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010? Hapakuwa na bomu hata moja.

Limebaki swali ambalo hukulijibu: jeshi linaloruka lina haja gani na daraja? Nadhani jibu ni uzito. Askari anaweza kurushwa, lakini mafuta, risasi na chakula cha maelfu ya watu ni shehena ya malori na reli. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la Kyaka katika mto Kagera, na ijapokuwa nchi zote mbili zilikuwa na ndege za kivita, jeshi letu lililazimika kutandika daraja la muda ili zana nzito zivuke.

Kwa hiyo nakushauri uhamie Mtera. Pale barabara ya Dodoma kwenda Iringa inapita juu ya bwawa lenyewe, katika Ruaha Mkuu. Pana mitambo ya umeme ya megawati 80, na maji yakitoka hapo huteremka hadi Kidatu kuendesha mingine ya megawati 204. Jenerali wako, anayelipua daraja katika sura ya pili kwa hasira tu (uniwie radhi, lakini bwana huyo ananichosha), hatathubutu tena, maana atajinyima njia, maji na umeme kwa mkupuo mmoja, na adui yake amefungwa na hesabu hiyohiyo. Kila upande utataka kulitwaa likiwa zima, kwa askari wa miguu wanaotambaa usiku juu ya ukuta, huku zile silaha za angani ulizozisifu kurasa nyingi zikiwa hazina kazi.

Ukishaiandika upya sura hiyo, nitumie. Tafadhali usimwue yule mhandisi wa kike mapema, kwa sababu ukihamia Mtera, anayejua kufungua na kufunga milango ya bwawa atakuwa na nguvu kuliko majenerali wote wawili.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako wa siku zote.