Saa kumi usiku si saa nne usiku: malalamiko kuhusu madai ya yoti Tausi

Mombasa,
20 Oktoba 2025.

Kwa Meneja,
Idara ya Madai, Bima ya Baharini.

Bwana/Bibi,

KUH: KUKATALIWA KWA MADAI YA YOTI "TAUSI" ILIYOPANDA MWAMBA ALFAJIRI YA 12 JULAI 2025

Baada ya salamu. Barua yenu ya tarehe 6 Oktoba imenifikia. Nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa miwani, na mara ya tatu pamoja na binti yangu, ambaye ni wakili na hasira zake zina mpangilio kuliko zangu. Mmekataa kulipa hata senti moja ya shilingi 1,840,000 nilizodai kwa shimo la ubavuni, usukani uliopinda na mkuku, yaani ule uti wa chini ya boti, uliolegea pale unaposhikana na bodi. Kurasa zenu nne zimejaa sababu, lakini sababu kubwa kuliko zote imesimama juu ya neno moja lililofasiriwa vibaya. Nitaanza na hilo.

Ripoti ya mkadiria hasara wenu, iliyoandikwa kwa Kiingereza, inasema mzee wa zamu aliiona Tausi iko juu ya mawe saa 22:00 usiku wa Ijumaa, tarehe 11 Julai. Nami, kwa mujibu wa ripoti hiyo hiyo, nilifika saa 05:00. Basi mkahesabu saa saba, mkaandika kwamba mwenye bima na watu wake walikaa saa saba wakiitazama boti ikipondwa na mawe, na kwa hiyo walikosa uangalifu unaostahili na hawakufanya juhudi za kupunguza hasara kama mkataba unavyowataka.

Siku kijana wenu alipokuja kuchukua taarifa mimi nilikuwa nimekaa papo hapo, kando ya mzee, tunakunywa kahawa. Mzee alisema hivi: "Niliiona saa kumi usiku, adhana bado." Kijana akaandika kumi, akaweka usiku, ikawa 22:00. Hilo la adhana hakuliandika kabisa. Nadhani fomu yake haikuwa na nafasi ya adhana. Ni kijana mpole na simlaumu sana, maana aliniambia mwenyewe kwamba shule yote amesomea ng'ambo. Lakini ninyi mlioipokea ripoti mna ofisi Mombasa. Hapakuwa na hata mtu mmoja, mpika chai wenu au bawabu, wa kuwaambia kwamba saa kumi usiku ni zaidi ya saa mbili kabla ya jua kuchomoza?

Mzee alinipigia simu saa kumi na dakika kumi. Rekodi ya simu nimeiambatisha. Kutoka kwangu Kisauni mpaka ufukweni nilifika saa kumi na moja kasoro dakika kumi, na jirani yangu mvuvi tayari alikuwa ameshatupa nanga ya pili kutoka kwenye ngalawa yake ili boti isizidi kusukumwa. Hizo saa saba zenu ni dakika hamsini, na ndani ya hizo dakika hamsini watu watatu walikuwa majini hadi kifuani.

Hata bila simu, bahari yenyewe ingewajibu kama mngeiuliza. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 10 Julai, kwa hiyo zile zilikuwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine. Kila mvuvi wa Mombasa anajua kwamba maji ya bamvua hapa kwetu hujaa alfajiri mnamo saa kumi, saa kumi na moja, na hupwa saa nne, saa tano, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hufika mita 3 na zaidi. Tausi inazama mita 1.6. Saa 22:00 yale mawe ya upande wa Nyali, kabla ya kufika darajani, yalikuwa nje ya maji, watu wanaweza kuyatembelea kwa makubadhi. Boti ya mkuku haiwezi kupanda mahali ambapo maji hayapo. Fungueni jedwali la maji la mwaka huo, linauzwa, mtaona.

Nafafanua ilivyokuwa, kwa kuwa ripoti haikufafanua. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma kutoka mlango wa bahari, maji yanajaa na kuingia ndani kuelekea Tudor, vyote viwili vikisukuma upande mmoja. Kifungo cha chuma kinachoshika mnyororo wa boya kikaachia. Boti ikachukuliwa na mkondo, ikagonga mwamba kwa ubavu wa kulia, ikainuliwa na wimbi na kuteremshwa tena juu ya jiwe, mara nyingi, mpaka maji yalipoanza kushuka na kuiacha imelala. Hapo ndipo usukani ulipopinda. Ilipofika saa tano asubuhi tulikuwa tunaizunguka kwa miguu.

Sasa nyinyi mmeandika kwamba boti "ilikaa chini kwa kupanda na kushuka kwa maji kwa kawaida", na kukaa chini kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa ni kukwama. Kanuni hiyo ipo na naijua. Nimefanya kazi bandarini miaka 31. Ila Kiswahili kina maneno mawili hapa, na yana faida. Chombo kilichofungwa gatini au kwenye tope, maji yakatoka kikakaa, hicho kimepwelewa. Majahazi ya Bandari ya Kale yamekuwa yakipwelewa tangu enzi za mababu, na nahodha wake hulala usingizi. Chombo kilichokatika boya kikabebwa na kutupwa juu ya jiwe, hicho kimepanda mwamba, na nahodha wake halali. Tausi haikupwelewa. Ilipanda mwamba. Kama Kiingereza cha ripoti yenu kimeyachanganya hayo mawili, shida ni ya mwandishi.

Nije kwenye mnyororo, kwa sababu hapa ndipo mlipojiona mna nguvu. Mnasema kifungo kilikatika kwa uchakavu, na uchakavu haufidiwi. Nakubali kwamba haufidiwi. Sheria yetu ya Bima ya Baharini, Sura ya 390, imefuata nyayo za ile ya Uingereza ya 1906, na ile ya 1906 katika kifungu cha 55 inasema wazi kwamba, isipokuwa mkataba useme vingine, mwenye bima hatalipwa kwa uchakavu wa kawaida, kuvuja kwa kawaida, wala hasara iliyosababishwa na panya. Panya wametajwa kwa jina! Pia masharti mliyoyabandika kwenye mkataba wangu, yaani Institute Yacht Clauses ya 1 Novemba 1985, yanasema vifaa vya kufungia boti havifidiwi. Sawa. Lakini someni tena fomu yangu ya madai. Sikudai mnyororo. Sikudai kifungo. Mnyororo mpya nimenunua kwa pesa zangu na risiti sikuwaletea.

Ninachodai ni bodi iliyotobolewa na mwamba. Kilichochakaa ni kipande cha chuma cha urefu wa kidole. Kilichovunjika ni boti. Mbuzi akikata kamba chakavu akagongwa na matatu pale Kongowea, hakuna atakayeandika kwamba mbuzi amekufa kwa uchakavu wa kamba. Sheria inauliza sababu iliyo karibu na hasara, na iliyokuwa karibu na ubavu wa Tausi ilikuwa jiwe. Masharti yenu hayo hayo yanafidia hata hasara itokanayo na uzembe wa mtu, mradi mwenye boti mwenyewe hakukosa uangalifu. Mpiga mbizi alikagua mnyororo mwezi Mei, nusu ya chini ilibadilishwa mwaka 2024, karatasi zote mnazo. Kama yule mpiga mbizi alikosea kuhusu kifungo kimoja, basi huo ni uzembe wake, nao mmeufidia. Na anayetaka kujificha nyuma ya kizuizi katika mkataba ndiye anayebeba mzigo wa kukithibitisha. Kifungo chenyewe mmekiona? Kiko kwangu ndani ya ndoo. Hakuna aliyekuja kukitazama.

Malengelenge. Mkaguzi wenu, aliyekagua kwa picha za simu, ameona malengelenge kwenye faiba chini ya mstari wa maji, akahitimisha kwamba bodi ilikuwa dhaifu tangu kiwandani. Malengelenge yapo, nilikuwa nayajua, na sidai senti ya kuyatibu. Lakini tangu lini lengelenge la ukubwa wa sarafu likatoboa shimo la ukubwa wa sinia, lenye vipande vya matumbawe ndani yake? Hata tuseme bodi ilikuwa dhaifu kidogo. Binti yangu amenionyesha kesi ya yoti iitwayo Miss Jay Jay, iliyoharibika mwaka 1980 ikivuka kutoka Deauville, Ufaransa, kwenda Hamble, Uingereza. Ilithibitishwa kwamba ilisanifiwa na kujengwa vibaya. Kampuni ya bima ikakataa. Mahakama ya Rufaa ikasema bahari na ubovu vilishirikiana kuleta hasara, bahari imefidiwa na mkataba, ubovu haukuwa umezuiwa katika mkataba ule, basi lipeni. Mkataba wangu unazuia gharama ya kurekebisha ubovu wenyewe wa usanifu au ujenzi. Sikuwaomba mnisanifie boti upya.

Halafu mkaongeza kwamba usiku ule hapakuwa na dhoruba. Kweli, ilikuwa kusi ya Julai tu. Lakini bahari hailazimiki kuchafuka ndipo ihesabike kuwa hatari. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya mtambo wa mafuta uliokuwa ukivutwa juu ya tishali kutoka Texas kwenda Malaysia. Miguu yake mitatu ilikatika karibu na Durban mwezi Novemba 2005, katika mawimbi yasiyo ya ajabu kwa bahari ile. Kampuni ya bima ilidai ni udhaifu wa kitu chenyewe na ikashindwa.

Kuna jambo ambalo nilitaka kulipita kwa sababu ya heshima, lakini mmelirudia mara mbili. Mmechapisha picha kutoka mtandaoni, Tausi imepambwa maua na watu wamejaa, mkauliza kama boti hutumika kubeba abiria kwa malipo, jambo ambalo mkataba wa starehe hauruhusu. Yule aliyekaa omo, mbele ya boti, kwa buibui jeusi na hina mpaka viwikoni ni binti wa dada yangu. Ilikuwa siku ya picha za harusi yake. Abiria walinilipa kwa biriani, na hata hiyo nilipata baada ya wageni wote. Na picha ni ya Desemba, miezi saba kabla ya ajali. Ina uhusiano gani na mwamba?

Mmekataa pia gharama ya kuipandisha boti juu ili tuone chini, shilingi 65,000, mkisema ingepandishwa tu kwa ajili ya rangi. Nakubali nilikuwa nimechelewa wiki sita kupaka rangi ya chini. Hata hivyo, masharti ya 1985 yanasema gharama ya kuangalia chini ya boti baada ya kukwama hulipwa ikiwa imetumika kwa lengo hilo, hata kama hakuna uharibifu utakaoonekana. Sisi tuliona shimo.

Kwa hiyo naomba haya. Ripoti irekebishwe, ile 22:00 iandikwe 04:00, na maneno ya mzee kuhusu adhana yaingizwe kama alivyoyasema. Mtumeni mkaguzi aje aitazame boti kwa macho, akishike na hicho kifungo kilichomo ndooni mwangu. Kisha mnilipe shilingi 1,840,000, mkitoa 150,000 ambazo mkataba unataka nizibebe mwenyewe, pamoja na hizo 65,000 za kuipandisha. Nangojea jibu kwa siku 30. Baada ya hapo faili litapelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, na ikibidi Mahakama Kuu hapa Mombasa, ambayo ina uwezo wa kusikiliza kesi za baharini. Ningependa tusifike huko. Tausi imesimama juu ya magogo pwani tangu Julai, kila siku inanidai shilingi 1,500 za nafasi, na kaskazi inakaribia, ambao ndio msimu wa kusafiri.

Mzee yuko tayari kutoa taarifa tena. Mkimtuma mtu, tafadhali awe anajua saa ya Kiswahili. Zamu ya mzee huanza saa kumi na mbili jioni, yaani, kwa fomu zenu, 18:00.

Wenu,
Mwenye yoti Tausi

Viambatisho: rekodi ya simu, risiti za mpiga mbizi, picha za shimo, taarifa ya jirani mvuvi.