Kilo Tatu za Kusingiziwa

Wete, Pemba
Ijumaa, baada ya sala

Seif yakhe,

Asalaam alaykum. Huku wazima wote, bi mkubwa mzima ila magoti, na mvua imetukalia vibaya: karafuu zinaanikwa asubuhi, kabla ya saa nne zishaanuliwa. Nimenyamaza siku nyingi, na weye umenyamaza vilevile, kwa hiyo tusidaiane. Barua hii anakuletea Kombo mkononi. Simu ya nyumba hii husikilizwa na kila mtu, na humu mna jambo ambalo sitaki mamake Nassra alisikie kwa sasa.

Kwanza cheka, halafu ndipo uje kwenye maana.

Nimezidi kilo tatu. Mie, ambaye tangu kupita Sikukuu napima kila kinachoingia mdomoni! Nilikuwa 84, sasa 87. Mizani ni ileile ya duka la dawa la pale sokoni, kanzu ni ileile, viatu nimevua. Mwenye duka akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza, "Mwalimu, harusi mwezi huu zilikuwa nyingi?" Nikamlipa chake nikaondoka.

Hapo ndipo watu wakapata la kusema. Daktari akafungua kadi, akaona kilo, akafunga kadi: "Punguza kula, mwalimu." Daftari la chakula nililombebea hata hakuligusa. Mamake Nassra anasema nakula skuli. Barazani wanasema nakula usiku. Omar, unamjua mdomo wake, amewaambia watu nina sahani yangu kwa Bi Time. Bi mkubwa peke yake ndiye anayenitetea, naye ananitetea kwa kusema marehemu mzee naye alinenepa ghafla umri huu huu, niachwe. Utetezi gani huo?

Sikiliza hilo daftari lilivyo, kwa sababu najua na weye utaanza kushuku mafuta ya kupikia, kila mtu huanzia hapo. Mafuta yameandikwa. Kijiko cha mezani ni kalori 120, nacho nakisawazisha kwa kisu. Mchele naupima ukiwa mkavu kwa ile mizani ndogo ya keki ya Saada, maana gramu 100 za mchele mkavu ni kalori 360 hivi, na gramu 100 za huohuo ukishaiva na kunywa maji yake ni kama 130. Anayechanganya mawili haya hesabu yake yote imeharibika. Nazi naipima ikishakunwa, kalori 350 na ushei kwa gramu 100, naandika yote kana kwamba tumeila na machicha yake, kwa hiyo hapo najionea mwenyewe. Sukari ya chai, kijiko kidogo, 16, imo. Kipande cha boflo alichokiacha mtoto nikakimalizia, kimo. Programu ya kwenye simu inajua kila mkate wa Ulaya, ila muhogo wa nazi haijapata kuusikia, basi naujumlisha mwenyewe kitu kimoja kimoja. Jumla ya siku 1,800, ikizidi sana 1,900. Mamake Nassra akiniona na mizani ananiambia nimekuwa kama kituo cha kununulia karafuu, kilichobaki nimkatie risiti.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana tulipokuwa skuli ya Fidel Castro weye ndiye uliyekuwa ukinishinda. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kalori 7,700 hivi. Kilo tatu ni 23,100. Zigawe kwa mwezi: 770 kila siku, na hizo ni juu ya kile ambacho mwili wangu unatumia, si juu ya ninachokula. Mtu wa kilo zangu, anayesimama darasani na jioni akenda kwa miguu mpaka Limbani na kurudi, hatumii chini ya 2,300. Basi ningetakiwa niwe nakula 3,070 kwa siku. Toa 1,800 za daftari, zinabaki 1,270 za wizi. Kwa wali mtupu hizo ni karibu kilo nzima. Kilo nzima ya wali kila siku, Seif, nje ya milo yangu! Naila wapi? Chooni?

Nimemwandikia Omar hesabu hii kwenye karatasi. Kasema karatasi haina tumbo.

Kwa hiyo kilo hizi si mafuta. Ni maji, na lita ya maji ni kilo. Nilianza kwa kuishuku chumvi, kwa sababu bahari ilichafuka tukawa tunakula ng'onda na papa mkavu mfululizo, na chumvi hushika maji mwilini, hilo halina ubishi. Nikaacha ng'onda, mizani haikutikisika. Nikashuku matembezi. Nimesoma kwamba wanga ambao misuli huuweka akiba, kila gramu yake huandamana na gramu kama tatu za maji, na misuli ikishtuliwa na mazoezi mapya huvimba kidogo. Lakini matembezi yangu si mapya, nayo wakati ule yalikuwa yakinipunguza.

Halafu soksi.

Juzi nimerudi skuli, nimekaa kitandani navua soksi, nikaona mpira wake umechimba mfereji kuzunguka mguu mzima. Nikabonyeza kwa dole gumba juu ya mfupa wa muundi, nikakaa nalo kidogo, nikalitoa. Shimo likabaki. Likawa linajaa polepole, na mimi nalitazama. Mguu wa pili vilevile. Asubuhi nikiamka miguu imenywea, ikifika alasiri imerudi palepale, na kandambili zangu zimeanza kunibana kwenye kamba.

Na hili ndilo sitaki mamake Nassra alijue. Vidonge vya presha nilianzishiwa amlodipine ya miligramu 5, nikakaa nayo vizuri, na ile 84 niliipata nikiwa nayo. Baadaye presha ikawa haijashuka vya kutosha, nikapandishwa 10. Kilo zimekuja baada ya hapo. Kile kikaratasi cha ndani ya boksi, maandishi ya kutafutia miwani, kimeandika wazi: kuvimba miguu. Nimesoma na kwingine kwamba dawa hii hupanua mishipa midogo, maji yakawa yanavujia kwenye nyama, na kadiri kipimo kinavyopanda ndivyo uvimbe unavyozidi. Mambo yote yanalingana. Lakini mamake Nassra akisikia neno hilo tu, vidonge atavitupa uvunguni, kisha nitanyweshwa maji ya kitunguu thomu asubuhi na jioni. Kabla ya dawa nilikuwa 170 kwa 105, Seif. Huko sirudi, hata nivimbe mpaka masikio.

Ila sikufichi, kuna saa usiku sifikirii dawa. Nafikiria miguu ya mzee. Unakumbuka mwaka ule wa mwisho, alivyokuwa akikaa pale barazani kaiegemeza kwenye kigoda, na sote tukisema mzee kanenepa, mashaallah, na yeye... Basi. Yeye alikuwa akikosa pumzi, mie sikosi. Kile kilima cha kutoka bandarini nakipanda huku naongea. Nalala na mto mmoja. Mkojo sioni povu. Nimejichunguza vya kutosha, lakini mtu kujichunguza mwenyewe si kitu, ndiyo maana nakuandikia weye unayeshinda na dawa kutwa.

Rashid naye kanisikia nikilalamikia viatu, kesho yake akaniletea vidonge vya kukojoza vilivyobaki vya mamake, kavifunga kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Havina jina, havina tarehe. Kasema meza viwili utaona. Nimeviweka juu ya kabati, sijavigusa, usianze kupiga makelele huko uliko.

Daktari nitarudi kwake wiki ijayo inshallah, na safari hii nitavua viatu kabla hajafungua kadi. Ila nataka niende najua la kusema, asije akaniambia tena punguza kula. Nikipunguza zaidi ya hapa nitabaki kunusa.

Basi nijibu haya, moja moja, usiniruke. Hii amlodipine ya 10 inaweza kweli kuleta kilo tatu za maji, au ni nyingi mno? Nikimwomba anirudishe 5 na aniongezee ya aina nyingine, hilo ni ombi la maana au nitaonekana najitia udaktari? Si ulisema mkweo naye alibadilishiwa, na miguu ilichukua muda gani kunywea? Vipimo vya figo na vya moyo nivitaje kwa majina gani, nawe niandikie kwa herufi kubwa? Huku vitatosha, au nije hospitali ya Mnazi Mmoja nilale kwako? Ile nyumba ya Fuoni mmeshahamia? Salma kafaulu? Na mbona kwenye hitima ya Mzee Khamis hukuonekana, watu wameuliza, nikakusingizia homa, basi ukiulizwa ulikuwa na homa.

Jibu mpe Kombo, anarudi na boti ya Jumatano. Bahasha ibandike.

Nduguyo,
Hamad

Nimesahau: kwenye kipeto mna halua ya hapa Wete. Nimeipima kabla ya kuifunga, gramu 500 kamili. Ipime mbele ya Kombo.