Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Programu za Kusoma Eksirei ya Kifua

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na masuala ya uchaguzi yana kamati yake. Mimi nitajikita katika jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu: programu za akili mnemba zinazosoma eksirei za kifua.

Kamati ya ufundi iliulizwa na mwanachama mmoja: kwa nini programu inayosifiwa kuwashinda madaktari hubabaika ikihamishiwa kituo kingine? Tulianza kwa kuangalia inafundishwa na nini. Mwaka 2017 taasisi za taifa za afya za Marekani zilitoa hadharani picha 112,120 za wagonjwa 30,805. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizitumia kuunda CheXNet, wakaeleza kwamba inatambua nimonia vizuri kuliko wastani wa madaktari wanne wa radiolojia. Lakini lebo za picha hizo, yaani maneno yanayosema kila picha ina ugonjwa gani, zilichotwa na kompyuta kutoka kwenye ripoti za madaktari. Na sisi tunaokaa mbele ya picha kila siku tunajua kwamba weupe kwenye pafu unaweza kuwa nimonia, maji, au sehemu ya pafu iliyosinyaa. Daktari huamua baada ya kusikia habari za homa na kikohozi. Programu haikuambiwa lolote kati ya hayo.

Kuna tatizo kubwa zaidi. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba programu inaweza kutambua picha imetoka hospitali gani. Katika hospitali moja takriban theluthi ya picha zilikuwa za nimonia, kwingine ni kama asilimia moja tu. Kwa hiyo ilitosha kuijua hospitali ili kubahatisha ugonjwa! Vivyo hivyo kwa hewa iliyonaswa nje ya pafu: wagonjwa wengi kwenye picha za mafunzo walikuwa tayari wamewekewa mrija kifuani wa kuitoa hewa hiyo, na programu ikajifunza kuutafuta mrija. Anayehitaji kugunduliwa haraka ni yule ambaye bado hajawekewa.

Wakati wa UVIKO-19 makosa haya yalienea. Mapitio yaliyochapishwa 2021 yalianza na machapisho 2,212 kuhusu eksirei na CT (picha za eksirei zinazoonyesha mwili tabaka kwa tabaka), yakabakiza 62 ya kuchambua kwa kina, na hakuna hata moja lililokidhi matumizi ya hospitali. Baadhi yalichanganya picha za watu wazima wenye UVIKO na za watoto wadogo wasio nao. Hapo programu ilikuwa ikitofautisha umri.

Nisieleweke kuwa napinga. Kwa kifua kikuu, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba programu hizi zinaweza kutumika badala ya msomaji katika uchunguzi wa awali wa watu wenye miaka 15 na zaidi. Pale ambapo hakuna daktari wa radiolojia, msaada huo ni wa kweli. Programu hutoa alama, anayevuka kiwango kilichowekwa hupimwa makohozi, na kipimo hicho ndicho kinachothibitisha. Ugumu uko kwenye kiwango. Ukikishusha, unapata wagonjwa zaidi lakini maabara inaelemewa. Ukikipandisha, wengine wanarudi nyumbani na ugonjwa wao. Tena programu hizi hufanya vibaya zaidi kwa wazee na kwa waliowahi kuugua kifua kikuu, kwa sababu makovu ya zamani huchukuliwa kuwa ugonjwa mpya. Muuzaji hawezi kukuwekea kiwango bila kuwajua wagonjwa wako.

Kamati kuu inaleta azimio moja mbele ya mkutano mkuu: mwanachama asishauri kituo chake kununua programu ambayo haijajaribiwa kwenye picha za kituo hicho, zilizosomwa kwanza na wataalamu wasioona jibu la programu, na matokeo yakitenganishwa kwa umri na historia ya ugonjwa. Rasimu mnayo. Marekebisho yapelekwe kwa katibu kwa maandishi kabla ya kura.